Nge Anayemtazama Mama

"Ananitazama tena! Njoo umwone mwenyewe, Beleshi, usije ukasema nazua. Kila nikikanyaga cherehani ananigeukia. Nashona suruali ya watu hapa, na mdudu ananikodolea macho kama mkwe anayetafuta kosa!"

Mama alikuwa ameinua miguu yote miwili juu ya kiti, viatu ameviacha sakafuni. Ndoo ilikuwa pale pale mlangoni mwa chumba cha nyuma, ile nyeupe ya rangi za nyumba. Mjomba alikuwa amechuchumaa kando yake, kikombe cha chai mkononi, anatabasamu kama mtu aliyesifiwa mtoto.

"Hakutazami, dada. Macho anayo, tena si mawili. Mawili haya hapa juu katikati, na mengine madogo madogo huku pembeni. Lakini yote hayo hayamsaidii kitu. Mwanga na giza, kivuli kikipita, basi. Hapo amekusikia kwa miguu."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu. Ukikanyaga cherehani sakafu inatetemeka, mchanga wa kwenye ndoo unatetemeka, na yeye miguu yake minane inapokea. Anajua kabisa uko upande gani. Anadhani labda wewe ni panzi."

"Mimi panzi!"

"Panzi mkubwa."

"Haya. Nge anasikia kwa miguu, na wewe hata kwa masikio husikii. Nimekwambia mara ngapi umtoe humu? Mjukuu wangu ameanza kutambaa, ndugu yangu. Kila anachokiona sakafuni ni cha kuweka mdomoni. Sasa sikiliza, na huyu mwanangu awe shahidi." Akaninyooshea kidole mimi niliyekuwa barazani nafungua simu ya mteja, sina habari na ushahidi wa mtu. "Siku mdudu huyo akitoka kwenye ndoo, hata akitoka mkia tu, wewe na yeye mtafute pa kulala. Sitanii."

Na kweli hakutania. Mama akitania anacheka kabla hajamaliza. Siku hiyo hakucheka. Alishusha miguu, akavaa viatu, akaendelea na suruali yake, na nge akageuka tena upande wake.

Mjomba ni mdogo wake mama, walinyonya ziwa moja. Jina lake analijua mama na labda aliyemtahiri. Watu wote wanamwita Beleshi, kwa sababu ndiyo kazi yake: anapakia mchanga kwenye malori kwa beleshi. Ukitoka nyumba za mwisho za mji wetu, unakuta mto ambao maji yake yanapita mvua ikinyesha tu, halafu mwaka mzima ni mchanga. Huko ndiko wanakochimba. Lori linafika alfajiri kabla jua halijawa kali, wapakiaji wanapanda, wanakwenda kulijaza, wanarudi. Likiitwa tena mchana, wanakwenda tena.

Kabla ya hapo alijaribu kazi nyingine. Alikuwa kwenye kiwanda cha mikate, akafukuzwa. Alikuwa mlinzi wa ghala, akafukuzwa. Si kwamba ni mvivu, mikono yake ukiishika ni kama gome la mti. Ana ugonjwa mmoja tu: akiona kitu ambacho hakielewi, mikono inasimama. Kwenye mikate walimkuta amelala kifudifudi chini ya meza anafuata msafara wa sisimizi, tanuri nyuma yake linatoa moshi. Mama anasema hata siku ya harusi yake alichelewa, kisa ni buibui aliyekuwa anasuka kwenye dirisha la mahali alipokuwa anavalia. Bibi harusi alikuwa anamjua. Alivua viatu, akakaa, akangoja.

Mchanga ndiyo kazi iliyomvumilia, kwa sababu kwenye mchanga hata ukisimama kidogo wenzako wanadhani unapumzisha mgongo. Na mchangani ndiko alikokutana na nge.

Wapakiaji wengi wanawaua. Huwezi kuwalaumu, ukishachomwa mara moja kwenye kidole cha mguu unakuwa mtu wa visasi. Mjomba yeye alianza kuuliza wanaishi vipi. Alijifunza kusoma matundu yao. Anasema tundu la mviringo ni la panya au buibui, lakini tundu lililolala, bapa chini na limejikunja juu kama mwezi mchanga, hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ana umbo hilo hilo: mpana na bapa. Tundu halishuki moja kwa moja. Linazunguka kama ngazi, linakwenda chini kuliko urefu wa mkono wa mtu, mpaka kule ambako mchanga una ubaridi na unyevu wakati huku juu ungeweza kukaanga yai. Huko ndiko anakaa mchana kutwa. Giza likiingia anapanda mlangoni, anatoa magando nje, anangoja. Hamfukuzi mtu. Anangoja chakula kijilete.

"Kama fundi simu," mjomba alisema, ananitazama mimi.

Basi kila wakifika kwenye ukuta wa mchanga mpya, kabla ya kuchimba, mjomba anageuza beleshi, anapiga ukuta kwa mgongo wake, taratibu, halafu anangoja. Anaita hiyo kupiga hodi. Mtetemo ukiingia tundu, mwenyewe anashuka chini zaidi badala ya kukutana na mguu wa mtu. Wenzake walimcheka sana mwanzoni. "Beleshi, bado hawajafungua? Labda wamekwenda sokoni." Lakini nikienda kule siku hizi kumpelekea simu yake iliyojaa chaji, nasikia ukuta mzima unapigwa hodi, na waliokuwa wanacheka ndio wanaopiga kwa nguvu.

Kuna siku lori lilimwacha. Hadithi hiyo anaipenda, na mama anaichukia. Ilikuwa alfajiri, mwanga ndiyo kwanza unaingia, akaona nge wawili wameshikana magando, uso kwa uso. Mmoja anavuta, mwingine anafuata. Wanakwenda mbele, wanarudi nyuma, wanazunguka. Akasema hawa wanapigana, ngoja nione mshindi. Akakaa chini. Kumbe hawapigani. Yule anayevuta ni dume, na alikuwa anatafuta sehemu ngumu, bapa, huku miguu yake inafagia mchanga kama mtu anayeandaa uwanja. Alipoipata, akaacha kitu kidogo kimesimama pale chini, kama mwiba mdogo wa ngozi, halafu akamvuta jike taratibu mpaka tumbo lake likapita juu ya kile kitu. Jike akakipokea. Ndoa imefungwa. Dume akaachia magando, akakimbia kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni.

"Kwa nini akimbie?" niliuliza.

"Mke wake ni mkubwa kuliko yeye, halafu ana njaa. Wewe ungekaa?"

Alipoinua kichwa, lori halipo. Beleshi lake lilikuwa limerushwa ndani ya lori, juu ya mchanga, likaenda nalo. Alitembea mpaka mjini, mikono mitupu, jua la utosi, na alipofika hakwenda kutafuta beleshi wala kuomba msamaha kwa dereva. Alikwenda nyumbani kumsimulia mke wake. Alimsimulia yote, mpaka ule mwiba.

Mke wake ndiye aliyekuwa masikio yake. Alipofariki, mjomba alikaa kimya muda mrefu, kimya cha mtu ambaye kila siku anaona vitu na hana wa kumwambia. Mama ndiye aliyemfuata. Alimwambia njoo ukae chumba cha nyuma, nitatoa vitambaa. Akaja na godoro, beleshi na sufuria moja. Chumba chenyewe kinafunguka kwenye chumba cha cherehani, kwa hiyo kila anayeingia na kutoka anapita mbele ya mama. Mama alitaka hivyo hivyo. Alitaka amwone.

Ndoo ilikuja baadaye. Ukuta wa mchanga ulianguka wenyewe, hodi au si hodi, na nge akabaki juu hana nyumba, na beleshi za watu tayari zimeinuliwa. Mjomba akamfunika kwa kofia.

Ni mnyama hasa, huyo. Akijinyoosha anapita kiganja changu. Mgongo wa rangi ya kahawia nyeusi, miguu ya njano, na vinywele mkiani utadhani ndevu za mvulana aliyebalehe jana. Magando manene. Mjomba alimweleza mama, kumtuliza, kwamba wenye magando manene na mkia mwembamba kwa kawaida wanategemea mikono yao, sumu yao si kali sana. Wa kuogopwa ni yule wa magando membamba na mkia mnene, kwa sababu huyo silaha yake yote iko nyuma.

"Kwa kawaida," mama alisema.

"Kwa kawaida."

"Na huyu amesoma hiyo kawaida?"

Mjomba alimwekea mchanga wa mtoni, nusu ya ndoo. Alisimamisha bomba dogo la plastiki pembeni, maji anayamimina humo yafike chini kabisa, ili juu pabaki pakavu na chini pawe na unyevu kama kule kwao. Nge akachimba. Alikuwa anachimba kwa miguu ya mbele, mchanga anautupa nyuma, akichoka anausukuma kwa mkia. Mama aliniambia kwa siri kwamba mdudu yule anafanya kazi kuliko baadhi ya watu anaowafahamu, na alivyonitazama nilijua baadhi ya watu ni nani. Mimi na shule tuliachana kidato cha pili bila ugomvi, lakini mama bado anatusuluhisha.

Chakula chake ni mende, na mende kwa mama hawakosekani. Anamkamata kwa magando. Kama mende ni mdogo, hata mkia hautumii, kwa nini apoteze sumu. Halafu hana haraka. Vimeno vya mdomoni vinasaga kidogo kidogo, anatema mate juu yake, nyama inayeyuka, anafyonza. Yaani si kula, ni kunywa supu. Kwa mende mmoja tu, mama anaweza kuanza suruali na kuimaliza, nge bado anakunywa. Akimaliza anaweka kando kidonge kidogo cha makapi, na siku nyingi zinapita hataki tena kitu. Mama alipoona hivyo, akaanza kuwapiga mende kwa kandambili nusu nusu, wasife kabisa. "Mpe mwenzako," anasema, anageuza uso. Lakini uso anaugeuza kidogo tu.

Halafu kuna taa. Mimi ninapobandika kioo cha simu natumia gundi inayokauka kwa taa ya zambarau, kitaa kidogo cha mkononi. Jioni moja umeme ulikatika, nikaingia ndani na kile kitaa, mwanga ukapita kwenye ndoo. Nge akawaka. Kijani! Kijani cha kung'aa, kila kiungo, mpaka mwiba, kama mishale ya saa gizani. Mama alipiga ukelele, akakimbilia barazani. Halafu tukasikia sauti yake kutoka nje: "Hebu washa tena."

Kwa nini wanawaka, mjomba alinituma niulize kwenye simu. Nikamletea jibu: wataalamu wenyewe bado wanabishana. Wapo wanaosema inamsaidia kujua kama amejificha vizuri, wapo wanaosema haimsaidii kitu. Mjomba alifurahi kuliko angepata jibu. Tangu siku hiyo kila jioni anaazima taa, na msemo wake ukawa mmoja: nge anaweza kujificha kwa mtu lakini hawezi kujificha kwa taa. Taa haidanganyi.

Basi, turudi kwenye ugomvi. Baada ya mama kutoa ile amri yake, mambo yakaharibika. Nge akaacha kula. Si kuacha kwa kawaida. Mende alikuwa anapita juu ya magando yake na yeye ametulia. Rangi ikafifia, tumbo likajaa kama mtu mwenye gesi, na mama alipokanyaga cherehani hakugeuka.

"Leo hanitazami," mama alisema.

"Ulitaka asikutazame."

"Sijasema nataka. Nimesema tu."

Mjomba alikuwa na wasiwasi kweli. Alibadilisha maji. Alihamisha ndoo upande wenye kivuli. Akifika kutoka mchangani anainamia ndoo kabla hata hajanawa. Mwishowe akasema labda mwanga unamsumbua, akamkatia kipande cha gunia, akakiweka ndani apate mahali pa kujifunika. Hapo ndipo alipokosea. Ndoo ya plastiki ni laini, nge hawezi kuipanda, kucha hazishiki. Lakini gunia ni ngazi. Na pembe moja ya gunia ilifika ukingoni.

Asubuhi, baada ya kurudi na lori la alfajiri, mjomba alitoka chumbani ameshika gunia. Mama alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Alimtazama usoni, akatazama gunia, akaacha uzi.

"Yuko wapi?"

"Dada..."

"Beleshi. Yuko wapi?"

Dada yangu alichukua mtoto wake, wakahamia kwa jirani, mlango ukafungwa nyuma yao. Mama hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu, "Mtafuteni kwanza. Mengine baadaye." Mjomba aliyajua hayo mengine. Godoro lake nililiona kupitia mlango, alikuwa ameshalikunja na kulifunga kamba.

Tukaziba madirisha kwa blanketi na turubai mpaka chumba cha cherehani kikawa giza mchana kweupe. Nikawasha taa. Jamani! Hata sisi wenyewe hatukujua tunaishi wapi. Kumbe nguo nyeupe nazo zinawaka, ni kwa sababu ya hizo sabuni za kufulia. Kola za mashati ya shule zilikuwa zinaelea hewani hazina wenyewe. Vipande vya uzi kila mahali, sakafu nzima kama imemwagiwa nyota. Meno ya mjomba yakawaka. Mama akasema, "Funga mdomo, unaniogopesha."

"Nyeupe na bluu ni nguo," mjomba alinong'ona. "Sisi tunataka kijani."

Tukafuata kuta, kwa sababu anapenda kutembea amegusa ukuta. Nyuma ya kabati, hakuna. Ndani ya viatu, tukavipiga kimoja kimoja, hakuna. Chini ya jora la turubai nililiinua pembe, na pale, kijani. Kijani kitupu, cha kung'aa kuliko nilivyowahi kumwona. Amelala, magando mbele, mkia umenyooka.

"Usisogee," mjomba alisema. Akachukua rula ya mama, akamgusa mkiani, taratibu. Kimya. Akamgusa gando. Likateleza upande, likabaki hivyo.

Mjomba alikaa sakafuni.

"Amekufa," alisema.

Nilimwona mjomba akiwa bado ameshika rula, anaikunja na kuiachia. Mama, ambaye mwaka mzima alikuwa anamwombea mdudu huyu mauti, akasema kwa sauti ndogo, "Pole, ndugu yangu."

"Asante. Basi nitafungasha, dada. Ulisema hata akitoka mkia. Ametoka mzima."

Mama alivuta blanketi la dirisha moja, mwanga ukaingia. Akachukua kibanio chake cha kutolea nyuzi, akainama, akamnyanyua nge kwa ncha ya mkia na kumpeleka dirishani. Mimi singemgusa hata kwa jembe. Mama alimgeuza huku na huku, amekunja macho, vile anavyokagua nguo ya mteja anayedai imepasuka yenyewe.

"Huyu hana uzito," alisema.

"Amekonda. Alikuwa hali."

"Sijasema amekonda. Sikia ninachokwambia. Ni mwepesi kama ganda la kitunguu. Njoo utazame hapa." Mjomba akainuka. "Hapa mbele, juu ya mdomo. Unaona? Mshono umeachia. Umezunguka mpaka huku pembeni. Haukuchanika, umefunguka. Sasa tazama miguu: mitupu. Gando: tupu. Mkia: mtupu mpaka kwenye mwiba. Hii ni nguo, Beleshi. Mwenye nguo ametoka kupitia hapa."

Mjomba aliinama, akachungulia ndani ya ule mshono.

"Amejivua," alisema.

"Amejivua."

"Kumbe alikuwa bado hajakua! Dada, alikuwa bado anakua! Ndiyo maana hali, ndiyo maana lile tumbo..." Alikuwa anacheka. Mama hakucheka.

"Sawa, amekua, hongera. Kama nguo iko hapa," akasema polepole, "mwenyewe yuko wapi?"

Sijui nani alipanda kiti kwanza. Najua mimi nilikuwa juu ya meza.

Tukaziba dirisha tena. Nikapitisha taa ukuta kwa ukuta, chini ya kila kitu, juu ya kila kitu. Nyeupe. Bluu. Nyuzi. Kijani hakuna. Nikarudia. Hakuna.

"Ametoka nje," nilisema. "Angekuwa humu angewaka."

"Kweli," mjomba akasema. "Taa haidanganyi."

"Taa yenu si ndiyo iliyotuambia amekufa?" mama akasema gizani. "Izime. Fungueni madirisha, mpande huko mlikopanda, mnyamaze."

Akakaa kwenye cherehani. Akavua viatu, akaweka miguu kwenye kanyagio, akaanza. Hakukuwa na nguo chini ya sindano. Alikanyaga tu, taka taka taka, anaacha, anangoja, taka taka taka tena. Sakafu ilikuwa inatetemeka mpaka kwenye miguu ya meza niliyokalia. Na macho yake yalikuwa yanazunguka chumba.

"Wewe mdudu," alisema, anaongea na chumba, "mwaka mzima unanitazama. Nitazame basi."

Chini ya meza ya kukatia, kwenye rundo la vitambaa vya bitana, vile vya rangi ya maziwa, kitu kikageuka.

Kiligeuka polepole sana, kama mgonjwa kitandani. Nisingekiona kama hakingesogea, kwa sababu rangi yake na ya kitambaa ni moja. Alikuwa mkubwa kuliko jana yake, na mweupe wa kuchuja, magando kama utando wa maziwa yaliyochemka. Miguu inatetemeka. Mkia aliuinua kidogo, ukamshinda, ukaanguka pembeni. Niliwasha taa nikammulika kwenye kivuli cha meza: hakuwaka hata kidogo. Bitana iliwaka, yeye akabaki doa la giza. Mjomba alinong'ona kwamba labda mwako uko kwenye gamba lenyewe, na hili jipya bado bichi. Labda, alisema. Hajui. Macho yake yalikuwa yamemtoka kwa furaha ya kutojua.

Halafu akaona mkono wa mama.

Mama alikuwa ameinuka, ameshika kandambili. Si ile nusu nusu ya mende. Alikuwa amefika kwenye rundo, mkono uko juu, na nge yuko chini yake, laini, hana pa kukimbilia. Mjomba hakusogea. Hakuomba pia. Nyumba ni ya dada yake, mtoto ni wa nyumba, na amri aliisikia. Alisimama pale ameshika lile ganda tupu kiganjani, anamtazama dada yake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama alisema. "Wahenga waliniona mimi."

Mkono ukakaa juu. Nge akajaribu tena mkia, ukaanguka tena.

"Mtazame," mama akasema, sauti imebadilika. "Hata kusimama hajui. Ni kama shati halijatiwa pasi." Akashusha kandambili. "Mimi simpigi aliye uchi. Hata adui yako unamwacha avae kwanza. Lete beseni."

Nikaleta beseni. Mama akalifunika mwenyewe, juu ya nge na bitana yake, akaweka pasi ya mkaa juu. Halafu akakaa kwenye kiti, akajipepea kwa rula.

Mjomba alikuwa bado amesimama. "Dada," alisema, "kuhusu chumba..."

Nje honi ya lori ikalia. Honi ya dereva wake haina adabu, inalia mpaka umtukane. Ilikuwa zamu ya mchana, wenzake wameshapanda.

"Nenda, linakungoja," mama akasema.

"Lakini chumba..."

"Sikia. Huyu akikauka atakuwa na rangi gani? Ile ile?"

"Sijui. Nadhani ile ile. Sijawahi kuona."

"Itachukua muda gani?"

"Sijui, dada. Lazima mtu amtazame."

"Nitamtazama mimi, nipo hapa nakwenda wapi? Wewe ukirudi lete mchanga mpya, ule wa chini, wenye unyevu. Huu wa kwenye ndoo umechoka. Na mfuniko, Beleshi. Mfuniko wa kubana, wenye matundu ya hewa. Nikiona gunia tena humu ndani nakushonea ndani yake."

Mjomba akaangalia godoro lake lililofungwa kamba. Akaangalia mama. Mama alikuwa ameshainama, jicho moja liko usawa wa ukingo wa beseni, anainua upande mmoja kiasi cha unene wa sindano.

Honi ikalia tena. Mjomba akaliweka lile ganda juu ya cherehani, karibu na vifungo, taratibu kama yai. Akachukua beleshi nyuma ya mlango, akavaa kofia, akatoka mbio. Wenzake wakamvuta mkono akapanda, akapiga ubavu wa lori kwa mgongo wa beleshi kumwambia dereva twende, na lori likaondoka kuelekea mchangani.